Bastola ya Kuficha Haijengewi Gorofa

Nakumbuka Jumamosi moja akina mama wa kanisa waliponijia nyumbani Cheptiret, wamebeba kuku wawili na chupa ya mafuta, waniombee uvimbe ambao sikuwa nao. Mwanangu, kaa vizuri nikuambie, maana nasikia na wewe umepata leseni ya bastola, na tayari unaulizia kile kioo cha nukta nyekundu. Mimi yangu nilisharudisha kwa serikali. Siri imemaliza kazi yake, naweza kusema.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka hamsini na tano. Usicheke. Mama yangu alikuwa hai, na mtu mwenye mama bado ni kijana. Nilikuwa na duka la mbolea pale Eldoret mjini, nililolijenga na darasa langu la nne na hii mikono. Wezi walikuwa wamenisimamisha barabarani nikitoka kufunga, ndiyo serikali ikanikubalia silaha. Ilikuwa bastola ndogo ya kukaa kiunoni chini ya koti. Mwalimu wa shabaha alituambia neno ambalo ningelimeza ningepona: "Hii ni ya kufichwa. Siku watu watajua unayo, imekuwa mzigo."

Shida yangu ilikuwa macho. Ile alama ya chuma ya mbele niliiona kama iko kwenye ukungu wa Julai. Muuzaji wa duka la silaha akaniambia dawa iko: kioo kinafungwa juu ya bastola, ukichungulia unaona nukta nyekundu, unaiweka juu ya shabaha, basi. Hapo hakudanganya. Macho ya mzee yanaangalia kule mbali peke yake, nukta inajileta. Akanitolea kimoja kidogo, cha kulala chini chini.

"Na hicho kikubwa?" nikamuuliza.

"Hicho ni cha bastola kubwa, Mzee. Za mashindano. Kwa hii yako kitakaa vibaya."

"Leta hicho."

Mwanangu, mimi geti langu linapitisha lori mbili zikisalimiana. Sijawahi kununua kidogo na kikubwa kiko hapo hapo kinaniangalia. Fundi wao akafunga, akanipa na mfuko wa kiunoni uliokatwa kutoshea. Kilikaa juu ya bastola kama televisheni juu ya kibiriti.

Kwenye uwanja wa shabaha nikainua mkono, nikangoja. Mwalimu naye akangoja, mpaka akachoka.

"Mzee, unasubiri nani?"

"Nukta haijafika." Nilikuwa naitafuta kule kwenye karatasi, kama kwa sinema.

"Haiendi kule! Iko ndani ya kioo, ni ya jicho lako peke yako. Na usizungushe mkono kama mtu anatafuta netiwaki. Macho kwa shabaha, inua bastola sawasawa, itakuja."

Ikaja. Nikapiga vizuri kuliko siku zote. Basi hapo kichwa kikavimba, na kiuno kikafuata.

Maana kile kioo kilikataa kuingia chini ya mshipi. Kilibaki juu kikisukuma koti, nikawa na donge hapa kwa nyonga kama kiazi cha kupanda. Kona yake ilinidunga nyama kila nikikaa, na nyama ninayo. Kanisani nikawa nakaa upande. Nikisimama nashika kiuno, nahakikisha koti limefunika, uso nimekunja. Na akina mama wa kanisa wanaona kila kitu isipokuwa saa ya kumaliza mkutano.

Kiongozi wao alikuwa Mama Atieno, mjane aliyetoka kule ziwani akauza omena, wale dagaa wa ziwa, hapa sokoni mpaka akawa wetu.

"Mzee, tumeona," akasema Jumamosi hiyo pale kwangu, hata chai hajaonja.

"Mmeona nini?"

"Hicho kitu cha kiunoni. Kinakua."

"Si kitu."

"Hata bwana yangu alisema hivyo. Si kitu, si kitu, mpaka tukamsafirisha kwa sanduku. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Aende hospitali ya Plateau wakate!" mwingine akasema.

"Wakate wapi, na yeye kuonyesha hataki?"

Mama Atieno akamimina mafuta kwa kiganja, akanyoosha mkono kunijia kiunoni. Nikaruka kama mbuzi aliyeona sindano. "Usiguse!"

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Kinauma."

Jikoni nilimsikia mke wangu ameziba mdomo na kanga, anakufa kwa kicheko. Yeye alijua. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu Mama Atieno alisema kesho wananifanyia harambee ya operesheni. Mimi! Mtu ambaye hata mwavuli sijawahi kuazima. Nikisema ukweli, jioni Cheptiret nzima inajua ninabeba nini, na wezi wanajua. Nikinyamaza, nakula jasho la mjane, maana mmoja wa wale kuku alikuwa kuku wake wa mayai. Nilimtambua.

Walipoondoka, mama yangu, aliyekuwa amekaa pale pembeni na fimbo yake, akasema, "Toa nione." Nikatoa risasi zote kwanza, nikamwekea bastola mezani.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kujikinga, Mama. Inafichwa."

"Na hii ya juu?"

"Ya kuonea."

Akaizunguka na macho. "Kwa hivyo ulinunua kitu cha kufichwa, ukakijengea gorofa. Sasa wewe unaona, na wewe unaonekana. Ama unafikiri mwizi ni mjinga kuliko muuza omena? Kesho iache kwa sefu. Utasimama mbele ya watu useme ukweli. Sikusema useme kila kitu. Nimesema ukweli."

Jumapili nikaingia kanisani nyonga ikiwa bapa kama meza. Wui! Mmoja akapiga kigelegele, "Kimeisha!" Ngoma ikaanza kabla pasta hajasimama. Nikapewa kipaza sauti nitoe ushuhuda wa muujiza.

Nikasema, "Ndugu zangu, sikupasuliwa, na sikuponywa. Kile kitu nilijiwekea mwenyewe, kwa kiburi. Mama akakiona, akaniambia nikitoe, nikatoa. Hiyo harambee mpeni mgonjwa wa kweli, na mimi naanza kutoa."

Halafu Mama Atieno akapaza sauti: "Kumbe daktari ni mama yake!"

Kuanzia siku hiyo watu wenye uvimbe walipanga foleni kwa mlango wa mama yangu. Aliwafukuza wote na fimbo, "Nendeni Plateau, mimi natibu kiburi tu!" Wakaenda. Na mmoja wao kweli akakutwa na kitu kibaya, kikatolewa mapema, na ile harambee yangu ndiyo ilimlipia. Yuko hai, anauza viazi. Kuku nao niliwarudisha mwenyewe, kwa miguu, mchana, watu wakiona.

Basi mwanangu, kioo sikukatazi, kama macho yako yamechoka. Lakini chukua kinacholingana na bastola, si kinacholingana na jina lako. Kifungwe na fundi mwenye leseni, na ushone koti la kukifunika. Enda uwanjani mpaka nukta ikujie bila kuitwa. Na kabla hujaongeza kitu juu ya kitu, uliza kile cha kwanza kilikuwa cha kazi gani, usije ukakiharibia kazi yake. Hata nyumba, hata cheo, hata bibi.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kuona mbali, koti lenye nafasi, na silaha inayozeeka bila kupata kazi. Na akuwekee nyumbani mtu wa kukuambia ukweli kabla akina mama hawajafika na mafuta.