Kopo la Mafuta ya Samaki

Jirani yangu hapa Somanda, mama mzee wa Kisukuma, hupiga hodi asubuhi kabla sijaenda shuleni, amelikumbatia kopo la vidonge vya mafuta ya samaki kwa viganja vyote viwili. Baridi yabisi imemvimbisha vifundo vya vidole, na mfuniko wa kopo lile ni wa kubonyeza huku unazungusha. "Mwangaluka, mwalimu. Nifungulie." "Mwangaluka, mayu." Namfungulia. Dawa za hospitali hunywa kwake bila kumsumbua mtu, lakini vidonge hivi vya njano huvimezea hapa mlangoni, amefumba macho, akilalamika kwamba vinanuka sato wa jana. Halafu hunisimulia ndoto aliyoota, au habari za kuku wake anayetagia kwa watu, mpaka chai yangu inapoa.

Miezi ikapita, nikaona vidole vyake vimeanza kukunjuka. Juzi, nikianika nguo, nilimwona kupitia upenyo wa ua wa minyaa. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda. Akalibonyeza kopo, akalizungusha, likafunguka bila shida. Akachungulia ndani, akalifunga tena, akalikaza sawasawa. Kisha akajifunga kitenge, akaja.

"Mwalimu, nifungulie. Leo limekaza kweli."

Nikalipokea, nikahangaika nalo kidogo, nikakunja uso.

"Mayu, hata mimi limenishinda," nikamwambia. "Ingia ukae, tunywe chai kwanza."