Penseli Yahama Sikio

Saa moja na robo asubuhi, fundi seremala anapima ubao wa fremu ya mlango. Macho yake hayaoni mbali, hivyo uso unakaribia kugusa tepu. Mkono wa kulia unapanda sikioni kuchukua penseli. Unakuta bandeji. Unashuka mtupu.

"Mara ya nne hii tangu nifungue karakana leo," anasema, akiitoa penseli mfukoni. "Mkono wenyewe haumsikii daktari."

Wateja humwita Kipimo. Ana miaka arobaini na sita, na ana ualbino. Tangu utotoni hatoki nje bila kofia pana. Ila kwa miaka ishirini na miwili ya kuranda mbao uani, kofia aliivaa ukingo wa kulia ukiwa umekunjwa juu, penseli ipate pa kukaa.

Kidonda kilitokea hapohapo sikioni, kidogo kama punje ya mtama. Kilikauka, kikatoka damu, kikakauka tena. Fundi akaishuku penseli. Akaitupa ile ya bapa, akanunua ya mviringo. Miezi minane ikapita.

Aliyechoka ni mkewe, anayeshona nguo chumba cha pili.

"Nikamwambia, baba watoto, mlango wa mtu ukipinda hata kwa upana wa unywele, hulali. Sikio lako linaliwa, wewe unabadilisha penseli?"

Hospitalini kidonda kikapimwa: saratani ya ngozi, bado changa. Upasuaji ulichukua dakika arobaini, kwa ganzi ya sikio tu. Mlio wa mkasi aliusikia.

"Daktari, niachie pa kuwekea penseli," aliomba.

"Penseli ikate tamaa, baba. Kwa kuikunja kofia umelifungulia jua dirisha miaka yote hiyo."

Nyuzi saba, na siku kumi bila kushika randa. Kipande kilichokatwa kikapelekwa maabara kuona kama kingo zake ni safi, hazina saratani. Zisipokuwa safi, sikio litakatwa tena, na safari hii huenda lisibaki la kushikilia miwani yake mizito.

"Bila sikio miwani haikai," anasema. "Bila miwani, mimi na ubao hatujuani."

Saa nne simu inaita. Ni muuguzi. Fundi anaiweka sikio la kushoto. Chumba cha pili, cherehani inanyamaza.

"Kingo ni safi, baba. Alhamisi uje tutoe nyuzi. Kofia umevaa?"

"Ninayo kichwani."

"Imenyooka?"

Fundi anapapasa ukingo wa kulia, anaushusha taratibu juu ya bandeji.

"Sasa imenyooka."

"Amesemaje?" mkewe anauliza mlangoni, sindano ingali mdomoni.

"Toa sindano kwanza, utaimeza kwa furaha."

Kabla mwezi haujaisha, anapanga kuezeka ua wa karakana. Mapaa ya watu ameyainua hata hesabu imempotea, kivuli chake mwenyewe hajawahi kukijenga. Nguzo nne ameshazikata. Mkewe naye ameshona kitanzi cha penseli kifuani mwa kila shati la kazi.

Fundi anarudi kwenye fremu. Mkono unapanda kuelekea sikioni, unakumbuka njiani, unageukia kifuani.