Mguu wa Baba Uliogoma Ramisi

Wiki moja kabla ya harusi yake, mguu wa kulia wa marehemu baba yangu uliamka umegoma.

Mwaka ni 1964. Sefu, ndilo jina lake, alikuwa mkata miwa Ramisi. Goti lilikunjika, paja lilitii, lakini unyayo ulining'inia. Akitembea, pa, pa, kama anayeua mende.

Mjomba wa bibi harusi, Mzee Salimu, alimtazama akivuka ua.

"Ijumaa uje kwangu bila kuchechemea. Ukichechemea, hakuna nikaha."

Sefu hakuwa na shaka: kuna mtu aliyechota mchanga wa wayo wake akamroga. Na mtu huyo ni Chome, mkata miwa mwenzake, ambaye hajawahi kumshinda kukata miwa hata siku moja.

Kila siku akamwendea Chome. "Nirudishie mchanga wangu."

"Mchanga gani, bwana? Pwani yote hii mchanga."

Siku ya tatu Chome alichoka. Akachota kopo zima uani kwake. "Haya, chukua. Ukizidi, kajengee."

Sefu akaumimina viatuni, akatembea nao kutwa. Jioni alichechemea miguu yote miwili.

Mwanatumu, bibi harusi mwenyewe, akamburura hospitali.

Muuguzi Rispah alimwambia asimame kwa ncha za vidole. Akasimama. Anyooshe goti. Akanyoosha. Ainue kidole gumba.

Wapi.

"Mishipa ya fahamu ya miguu huanzia mgongoni," Rispah akasema. "Kila mzizi una kazi yake. Wa goti mzima. Wa kusimamia ncha mzima. Huu wa kuinua unyayo umebanwa hapa kiunoni. Ulibeba nini?"

Baba akatazama dari.

"Kitanda cha harusi. Cha mvule."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nilichelea wenzangu watakiroga."

Mwanatumu alicheka mpaka akakaa chini.

Mguu ungerudi, lakini polepole. Na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Sefu akaenda kumwomba Chome radhi. Chome alimsikiliza, akakuna kichwa, kisha akasema, "Ijumaa vaa kanzu unisubiri."

Siku ilipofika, akamfikisha kwa Mzee Salimu amembeba mgongoni.

"Shikamoo, mjomba," Sefu akasema kutoka juu.

"Marahaba. Mbona umebebwa?"

"Ulisema asichechemee, mzee," Chome akajibu. "Hachechemei. Tufungulie, huyu mzito."

Nikaha ikafungwa. Unyayo ulianza kuinuka mwezi wa nne baada ya harusi.

Baba tumemzika juzi, naandika nisisahau. Msomaji, ukiwa na kitanda cha mvule, ita watu. Hata unaowashuku, waite. Huenda mmoja wao ndiye atakayekufikisha ukweni.