Utupu Uliosainiwa Irumu

Niliondoka Bunia kutafuta sinyature moja, sahihi ya profesa wangu. Bila hiyo, nisingetetea memwari yangu, tasnifu ya fizika, Jumatatu, na mwaka mzima ungekwenda bure. Profesa Bahati, anayeniongoza, alikuwa likizoni kwao Irumu, na kwenye simu alikataa kusaini niliyoandika juu ya utupu wa angani: "Fasi haiko kitu, hakuna kitu inaweza fanyika pale."

Saa moja asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya papa Dieudonné anayebeba abiria, memwari ndani ya sashe ya plastiki. Aliuliza nimeandika nini. Nikamwambia kwa sauti ya juu, upepo ukinimeza: kati ya makundi ya nyota kuna utupu mkubwa ajabu. Mwanga ukipita humo, vitu vizito vilivyo pembeni vinauvuta, unatawanyika. Nyota inafifia, nasi tunaopima umbali kwa mwangaza tunadhani iko mbali zaidi.

"Basi inatudanganya," akasema.

"Kidogo tu, papa. Mimi niko nafuata ile kidogo."

Saa nne tulifika. Mama Furaha, mke wa profesa, alituletea chai. Profesa alifungua kurasa, akatikisa kichwa. "Mahesabu nimeona. Nionyeshe kwa macho."

Nikaangaza macho nipate kitu cha kumwonyesha. Ndipo nikaona miwani ya Mama Furaha, ile ya wasioona mbali, nyembamba katikati na nene pembeni. Nikamwomba, nikaishika mbele ya macho ya profesa, kuelekea ng'ombe wao uani.

"Ngombe iko namna gani, papa?"

"Imekuwa kadogo. Iko mbali."

"Imetembea?"

Alitazama bila miwani, akatazama tena nayo. Ng'ombe alikuwa pale pale, anatafuna. "Hapana," akasema polepole. Nilitaka kuruka.

Kumbe hajamaliza. "Na mwanga ya kupita karibu na vitu vizito?"

"Ile inaongezeka, nyota inaonekana karibu. Lakini iko chache. Mingi inapita kwenye utupu. Ukipima nyota nyingi, makosa inasawazishana."

"Andika ile."

Niliiandika kwa mkono, ukurasa wa mwisho. Akasaini.

Saa tisa nilikuwa nimerudi Bunia, vumbi mpaka kwenye kope, nacheka peke yangu. Nilichojifunza ni hiki: penye utupu napo kuna kazi inafanyika, ila lazima umwonyeshe mtu kwa kitu anachokijua.

Jioni simu ililia. Mama Furaha.

"Binti, ambia muzee anirudishie lineti yangu ya macho. Tangu uende, iko nayo kwa ngombe."