Gauni Jeupe na Pancha ya Mgori

Hili nawasimulia nyie tu, na wa kucheka acheke sasa amalize, maana kule kijijini nyuma ya msitu wa Mgori mpaka leo hawajamaliza kunicheka.

Mnanijua mimi na pikipiki yangu. Mimi ndiye ninayewachosha kila siku kwamba usiingie njia ya porini bila pampu, viraka, solusheni, spana na vile vyuma viwili vya kubandulia tairi, na kila Jumamosi nafungua gurudumu pale uani ninapopanga, natoa tyubu (nzima, haina hata tundu), nairudisha, kwa sababu ukweli ni kwamba Jumamosi sina mtu wa kumtembelea.

Sasa Jumapili ile binti yangu Yunisi, anayeishi kijijini na mama yake tangu tuachane, alikuwa anapata kipaimara, na mimi kwa mdomo wangu nikawaambia gauni niachieni mimi. Fundi cherehani alilipiga pasi, akanionya nisiyakunje yale marinda, kwa hiyo asubuhi nikalilaza juu ya keria likiwa ndani ya nailoni, nikakitazama kifuko cha vifaa kilivyojaa grisi, nikaona hiki kitamchafulia mtoto gauni. Nikakitoa. Nikakiacha kitandani.

Katikati ya msitu gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Mwiba. Nilijaribu kufungua nati kwa vidole (msiniulize), nikaambulia mikono myeusi tii. Wafugaji wakipata pancha hujaza majani ndani ya tairi wakaendelea na safari, na majani yalikuwepo msitu mzima, ila hayo nayo yanataka kwanza ulibandue tairi. Mtandao hakuna, na hata ungekuwepo, nilipitia majina yote kwenye simu nikaona sina wa kumpigia Jumapili asubuhi akaacha yake akanifuata. Hilo liliniuma kuliko pancha. Nikaanza kuongea na pikipiki, nikaiomba msamaha, nikasukuma.

Kila nikisukuma, gauni linateleza kuelekea kwenye mnyororo, basi nikachomeka henga yake kwenye kola ya shati, likaning'inia mgongoni, na kofia ngumu ikabaki kichwani kwa kuwa mikono yote imeshika usukani.

Nilichosahau ni kwamba anayetoa kipaimara ni askofu, na askofu akija watu hujipanga njiani na matawi kuisubiri pikipiki ya kwanza ya msafara. Nilipotokeza kwenye kona, na kofia yangu na kitu cheupe kinapepea mgongoni, ngoma zikalia, vigelegele, kwaya ikaanza, bibi mmoja akapiga magoti kabisa. Akasogea aliyekuwa mama mkwe wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Askofu yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama."

"Na wewe umevaa nini?"

Jamani, kicheko kilichotoka pale! Hata yule bibi aliyepiga magoti alicheka, tena akiwa bado chini.

Nikamtafuta Yunisi. Alikuwa kwenye mstari na wenzake, ameshavaa gauni jeupe. La kuazima, refu, limebanwa kiunoni kwa pini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimelileta."

"Mama alisema tusikusubiri."

Alisema bila hasira hata kidogo, na mimi ningefurahi angekasirika. Akalipokea gauni kwa mikono miwili, akayaangalia marinda yake, akasema, "Krismasi nitalivaa. Uje uone." Hapohapo honi zikasikika, msafara wenyewe sasa, watu wote wakakimbilia barabarani naye akaitwa mstarini, nikabaki mimi na pikipiki. Ibada nzima nilikaa benchi la mwisho, mikono nimeificha mifukoni.

Basi naapa mbele yenu: gauni lichafuke, marinda yajikunje, suti ya mtu iharibike, kifuko cha vifaa hakitoki tena kwenye keria. Nimeshakifunga kwa kamba, ndani nimeongeza na tyubu ya akiba. Jumamosi hizi hata gurudumu sifungui, nakaa uani nakitazama tu. Krismasi bado iko mbali sana.