Siku Nilipobebwa Hadi Makaburini

Niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: mimi nilishapelekwa makaburini nikiwa hai, tena jenezani niliingia kwa miguu yangu.

Enzi zile za Ujamaa nilikuwa natunga michezo ya kuwasema makabaila (kutulia sijui, hata usingizini natunga), na siku hiyo afisa utamaduni alikuwa anatungoja Itetemia autazame mchezo wetu, ukimridhisha atuazime kamera nitengeneze filamu yangu ya kwanza. Mchezo ulianza na maziko ya kabaila, na kabaila ni mimi. Basi badala ya kuungaunga mbao nikaenda msikitini Chemchem kwa Mzee Sefu, mtunza jeneza, nikamwambia kuna shughuli Itetemia. Akasema "Innalillahi," akanipa bila kuuliza. Nikaona nilale humo tangu hapo, nifunikwe shuka, waigizaji wangu wanne wanibebe, sanaa ianzie barabarani.

Mnajua kwetu jeneza likipita. Mwenye duka anatoka, fundi baiskeli anaacha spana, kila mmoja anatia bega hatua chache kisha anampisha mwenzake, na waigizaji wangu wakapokewa mzigo kwa adabu mpaka wakajikuta nyuma kabisa, wanaona haya kusema ni mchezo. Mimi ndani nasikia umati unaongezeka, nafurahi, najisemea umma umeamka (mjinga mimi), hadi nilipohisi tumekata kona isiyokwenda Itetemia. Jasho likanitoka. Niseme, nisiseme, kila nikitaka kufungua mdomo nasikia wanaomba dua, na dua yenyewe naombewa mimi. Nikatuliwa chini, mtu akauliza, "Mbona kaburi halijachimbwa? Leteni majembe."

Nikaketi.

Sijapata kuona watu wazima wakikimbia vile. Alibaki mzee mmoja mwenye mguu mbovu, kanzu imelowa mgongoni.

"Shikamoo," nikasema, maana sikuwa na lingine.

"Marahaba." Akanitazama sana. "Kumbe ulikuwa unacheza."

Nikamweleza yote, makabaila, matabaka, kamera, maneno yananitoka ovyo na shuka bado nimelishika.

"Sisi tumekubeba toka Chemchem, mwanangu," akasema, "na hatukuuliza wewe ni kabaila au mkulima."

Niliona aibu ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Mimi na waigizaji wangu tulipofika Itetemia afisa alishaondoka, kamera wakapewa wengine, na Mzee Sefu alilipokea jeneza lake bila kunijibu salamu. Nikaapa, na kiapo sijakivunja: sitaandika tena habari za watu ambao sijawahi kwenda nao kuzika.