Jina Nililolifungia Kalamu

Kila mwaka mpya hununua daftari. Ninalo la jalada la bluu lenye ukurasa mmoja ulioandikwa. Jingine wajukuu walilichana wakatengenezea tiara. La mwaka jana lina kichwa tu, Habari za Ukoo Wetu, na mstari chini yake niliopiga kwa rula. Kisha mvua zilikolea, tukaingia shambani, na ukoo ukalala.

Mwaka huu haukulala. Binti yangu wa mwisho alijifungua mtoto wa kike siku chache kabla ya Krismasi, na siku ya mwaka mpya akanipigia simu.

"Shikamoo baba. Nataka jina la mtoto."

"Marahaba. Si umpe la bibi yako?"

"La bibi si ninalo mimi? Nimwite mtoto au nijiite mwenyewe? Nipe la mama yake bibi."

Nikamwambia asubiri, nilitafute kwenye daftari. Huo ulikuwa uongo. Nilijua halimo, na nilijua sababu.

Nilimaliza kidato cha nne wakati ambapo kijijini kwetu waliosoma walihesabika kwa vidole, nikawa karani wa kata. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya watu. Mwaka mmoja nilikwenda nyumbani likizo ya mwaka mpya na daftari langu la kwanza, la bluu, nikamkuta mama uani anapepeta uwele. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia anitajie watu wa ukoo. Alinitajia upande wa baba bila kusita, baba wa baba wa baba, ungo ukicheza mikononi mwake, nami nikaandika kila jina ndani ya kisanduku, kama tulivyokuwa tukifanya ofisini.

Alipofika mwisho alitua ungo. Akasema kwa Kinyaturu, "Sasa mwandike na mama yangu." Akalitaja jina.

Nikafunga kalamu. Nikamjibu kwa Kiswahili, lugha niliyopenda kumjibu nayo siku hizo, "Mama, ukoo haupiti huko."

Alinitazama, kisha akacheka. "Kumbe mimi niliokotwa?"

Nami nikacheka. Akaokota ungo wake akaendelea kupepeta.

Jina lile sikuwa nimelisikia kabla ya siku ile. Kwetu mkwe hatajwi jina, na baba aliishika desturi hiyo hata baada ya mama mkwe wake kuzikwa. Majirani walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, yaani mama yangu. Mama naye alimwita mama. Alilitamka mbele yangu mara ile moja, akijua mwanawe ana kalamu. Nakumbuka makapi ya uwele kwenye nywele zake. Nakumbuka alivyoshusha sauti mwishoni mwa jina. Jina lenyewe silikumbuki. Nimelala na kuamka nikilitafuta tangu mama alipofariki.

Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kuulizwa, mama mdogo, dada yake mama wa mwisho, ambaye ananizidi miaka michache tu. Yuko Ilongero. Nikapanda bodaboda kutoka kwangu Unyambwa, tope likiturukia magotini. Si mbali. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba si mbali.

Nilimkuta barazani anachambua mlenda.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Nani huyo mwenye mvi kuliko mimi?"

"Ni mimi, mtoto wa dada yako."

"Ahaa, karani! Mwaka juzi ulisema unakuja kuniandika. Nikaoga bure."

Nikacheka kwa aibu. Akaniita karibu yake, akanisukumia rundo la mlenda nimsaidie. Nikamweleza habari za mtoto, kisha nikamuuliza jina la mama yao.

Mikono yake ilisimama. "Sisi tulimwita mama," alisema. "Mimi aliniacha ninatambaa. Dada ndiye aliyenilea. Jina alikuwa nalo yeye."

"Hakukuambia?"

"Aliniambia. Nilikuwa binti, kichwa changu kilikuwa kwenye ngoma. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza tena. Akasema nisihangaike." Aliniangalia kwa matumaini kabisa. "Alisema liko kwa mwanawe, yule aliyesoma. Alikupa uandike. Hukuliandika?"

Sikuweza kumdanganya kama nilivyomdanganya binti yangu. Nikasema, "Sikuliandika, mama mdogo. Nilifunga kalamu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alirudi kwenye mlenda, akachambua majani kadhaa, kisha akasema, "Alikuwa wa mkono wa kushoto. Hilo dada alilisema sana. Alipepeta kwa kushoto, makapi yakawaendea wenzake."

Nikatoa daftari jipya nikaandika hilo. Lilijaza mstari mmoja.

Jioni nilimpigia binti yangu, nikamweleza yote, hata kile kicheko. Nikasikia mtoto analia, akalia tena, akabembelezwa.

"Kwa hiyo halipo," alisema.

"Halipo. Lilikuwepo, nikapewa."

"Mbona hukusema siku ile, baba? Nimekaa nasubiri."

"Niliona haya."

"Basi liandike jambo hilo," alisema. "Usianze na wale wa visanduku. Anza na hilo, ili huyu akikua asome kwa nini alilikosa jina."

Nimeanza nalo. Ukurasa wa kwanza unasema: Mama yangu alikuwa na mama. Nilitajiwa jina lake uani, mchana, nikiwa na kalamu mkononi. Chini yake nimeacha mstari mtupu. Kila asubuhi nikifungua daftari huusoma kwa sauti mpaka hapo, kisha hutega sikio kidogo kabla ya kuendelea.